Sahani Iende kwa Jina la Mlaji

Mwezi wa Ramadhani, baina ya alasiri na magharibi, vichochoro vya Kibokoni na Mkanyageni hupita watoto waliobeba vyakula. Huyu ana bakuli la mbaazi za nazi, yule ana mkate wa sinia uliokwisha kukatwa vipande, na mwingine ana kaimati zinazong'aa shira chini ya kawa. Akifika mlangoni anapiga hodi na kusema maneno yale yale aliyofunzwa: "Mama anakusalimia." Ndivyo watu wa Mji wa Kale wa Mombasa wanavyopendana tangu zamani. Mtu anaweza kuishi na jirani yake miaka arubaini asimwambie hata siku moja kwamba anampenda, lakini jirani huyo akajua, kwa sababu sahani haijawahi kukosa.

Mazoea haya mazuri yana ugonjwa wake, nao unazidi. Sahani zimeanza kwenda zote sawa. Sufuria moja kubwa ya tambi za sukari inapikwa, inapakuliwa katika mikebe kumi, na mikebe inagawiwa nyumba kumi. Nyumba ya tatu ina mgonjwa wa sukari. Nyumba ya sita wameshapelekewa tambi na watu wanne. Nyumba ya tisa anaishi kijana peke yake, na futari anakula kwa mamake Majengo, kinachomshinda ni daku. Idi ikifika mambo ni hayo hayo: leso zinanunuliwa kwa wingi, jina moja, rangi moja, na mashangazi wote wanapata sare. Mtoaji ametimiza wajibu na roho yake imetulia. Aliyepewa amepokea kitu, lakini hakuona kwamba amekumbukwa.

Kwa hiyo nashauri jambo moja, na mengine yote yatafuata hapo: anza na mtu, kisha ndio uingie jikoni au uende dukani.

Mwezi wa Shaaban, kabla pilika hazijaanza, kaa chini na karatasi uandike majina. Usiandike kwanza utakachompa kila mmoja. Andika hali yake ya mwaka huu, maana hali za watu hubadilika na sisi hubaki na picha ya zamani. Nani amefiwa? Nani amejifungua? Nani amekatazwa chumvi? Nani watoto wake wamesafiri wote, nyumba imebaki na watu wawili wanaotazamana? Nani amepoteza kazi bandarini na hajasema? Mengi ya haya unayajua tayari, kwa kuwa mtaa wenyewe ni wa kuta zinazogusana. Usilolijua, uliza, na usimuulize mwenyewe mbele za watu. Muulize binti yake, au mke wa mwanawe.

Sasa mchukue bi mkubwa mwenye sukari na presha, meno yake yamebaki machache. Watu wengi humfanyia mojawapo ya makosa mawili. Ama humpelekea kila kitamu kilichopikwa, naye kwa haya anapokea na kwa tamaa anaonja, ama humwacha kabisa wakisema, "Yule hali kitu." La pili ndilo linalouma zaidi, kwa sababu mgonjwa hupenda kuhesabiwa pamoja na watu. Mtengenezee sinia yake mwenyewe. Chukua kipande cha nguru, si changu, maana changu ana miba mingi na macho ya bibi si ya jana. Kitoe miba kwa mkono wako. Kichome, ukipake tui zito lenye ukwaju na bizari, chumvi kidogo tu, ladha iletwe na ndimu na kitunguu thomu. Weka mchicha uliokatwa mdogo mdogo na kipande cha mkate wa mofa kinacholowana kwa mchuzi. Pembeni weka kaimati mbili zisizotiwa shira, ukiwa umekwisha kumuuliza bintiye kama daktari anaruhusu. Hizo mbili hazimshibishi. Zinamwambia kwamba wakati mtaa mzima ulipokuwa ukila kaimati, na yeye alikuwemo.

Mzazi aliye ndani ya arubaini hana haja ya biriani. Ana haja ya uji wa pilipili manga asubuhi, supu mchana, na mtu wa kumshika mtoto ili aoge bila haraka. Zawadi yake bora inaweza kuwa wewe mwenyewe kwa saa mbili, na chakula cha watoto wake wakubwa, ambao siku hizo kwa kawaida ndio wanaosahauliwa.

Kijana anayeishi peke yake, kama nilivyosema, mfikirie daku. Hapa kuna la kiufundi ambalo wapishi wenye mapenzi mengi hulisahau: vyakula vya nazi havilali. Mbaazi zilizopikwa kwa tui ukimpelekea magharibi, na chumbani kwake hakuna friji, saa kumi ya usiku zimechacha, hasa miezi ya kaskazi ambapo usiku wa Mombasa hauna ubaridi. Mpelekee vitu vinavyosubiri: mahamri, mayai ya kuchemsha, tende, ndizi mbivu zikiwa na maganda yake, na chupa ya chai ya tangawizi. Mahamri yafunge katika kitambaa safi yakiwa yamekwisha kupoa. Yakifungwa ya moto hutoka jasho, na ngozi yake hulegea.

Jasho ndilo adui mkubwa wa chakula cha kupelekeana. Wazee wetu walilijua, ndiyo maana wakafunika kwa kawa. Kawa la ukili linapumua: mvuke hutoka, inzi haingii, na viazi karai hufika bado vikiwa vikavu kwa nje. Mfuniko wa plastiki hurudisha mvuke chini, na bajia zilizotoka mafutani zikiwa nzuri hufika zimelowa. Kama huna kawa, acha vya kukaanga vipoe kidogo kisha funika kwa karatasi na kitambaa. Kaimati ziende upande wake na shira katika kikombe chake, azichovye mwenyewe adhana ikikaribia. Biriani nayo ipeleke kama inavyopakuliwa kwetu, wali mbali na masala mbali, nyumba ya pili wachanganye kwa kiasi wanachopenda. Na saa ya kupeleka ni kabla magharibi haijakaribia sana. Sahani ikifika watu wameshakaa mkekani, mwenye nyumba itambidi ainuke kupokea, atafute chombo, amsindikize mtoto, na tende yake iko mkononi.

Kisha kuna suala la chombo kurudi. Kwetu sahani hairudi tupu. Ni ada nzuri, na ndiyo imefanya vyombo vya mtaa mzima kuchanganyika hata hakuna ajuaye bakuli la maua mekundu lilianzia nyumba gani. Lakini ifikirie kwa jicho la mama ambaye mwezi huu hana hata nusu kilo ya unga. Sahani yako nzuri imeingia kwake na imekuwa deni. Inakaa juu ya kabati, anaitazama, anaona haya kuirudisha wazi, na mwishowe anaanza kukukwepa njiani. Nimeona ujirani ukipoa kwa sababu ya sahani iliyotolewa kwa nia safi kabisa.

Kwa nyumba kama hiyo ziko njia mbili. Ya kwanza, peleka katika chombo kisichongojewa: jani la mgomba, karatasi, kikapu kidogo cha miyaa, na mtoto wako aseme wazi kwamba hakirudi. Ya pili ni bora, nayo inataka akili zaidi: muombe kitu alicho nacho. Uani kwake kuna mndimu? Muombe ndimu za achari. Ana asumini? Muombe za kutunga kikuba cha usiku wa Idi. Ni hodari wa kukata sambusa? Muite aje akufunze kukunja manda, aondoke na sehemu yake. Hapo amekupa na wewe umempa, na hakuna aliyeinamisha kichwa.

Usichanganye zawadi na zaka. Zakatul-fitri ni haki ya watu iliyo mkononi mwako: pishi ya chakula cha mji kwa kila kichwa nyumbani, kiasi cha kilo mbili na nusu hadi tatu, na itoke kabla ya sala ya Idi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa pwani, inajuzu kuitoa tangu Ramadhani inapoingia, kwa hivyo hakuna sababu ya kumpelekea mtu mchele asubuhi ya Idi, wakati makaa yake hayajawashwa na watoto wana njaa. Mpe mapema apange. Tena mpe mchele ule ule unaoula wewe. Ukishaitoa, usihesabu kwamba umempa zawadi. Zawadi bado inakungojea.

Tukija kwenye zawadi zenyewe, hapa Mombasa tuna bahati ya kuwa na Mtaa wa Biashara, ambapo leso zimejaa maduka pande zote mbili za njia. Watu hukosea leso kwa kuitazama rangi na kusahau jina. Jina husomwa na mtaa mzima. Leso iliyoandikwa sifa za mama ukimpa mwanamke anayetafuta mtoto mwaka wa kumi, umemchoma, hata kama hukukusudia. Leso yenye kijembe ukimpa wifi yako, hata kama wewe ulipenda maua yake, familia itafanya kikao. Simama dukani, ikunjue, soma, kisha mfikirie huyo mtu akiwa ameivaa sokoni Marikiti. Ukiona uso wake umekunjuka, nunua. Muuza duka hatakasirika, hiyo ndiyo kazi yake na wengi wao huyajua majina kuliko sisi.

Leso ya mkwe au ya biharusi iende ikiwa haijakatwa, pea nzima, ionekane upya wake. Ya nyanya ni mambo mengine. Leso mpya huwa ngumu, na mikono yenye baridi yabisi haiwezi kushona pindo. Ikate, ipinde, ifue mara moja ilainike, uifukize udi, kisha umpelekee. Ataivaa siku hiyo hiyo. Katika kabati za mabibi wengi mna rundo la leso za Idi zilizopita, zimefungwa bado, kwa sababu kila mwaka mtu alinunua na hakuna aliyepinda.

Wanaume wetu huambiwa hawana la kupewa, wakaishia kupata saa na mikanda. Kikoi kizuri hakimkai mtu sandukuni, atakivaa kila jioni. Kofia ya mkono, ile ya vito, ni kazi ya miezi, kwa hivyo anayetaka kumpa babake kwa Idi aiagize mapema, na kipimo akichukue kutoka kofia ya zamani bila kumwambia. Kanzu pia: iibe ile inayomkaa vizuri, mpelekee fundi, uirudishe kabla hajaikosa.

Manukato yana masharti. Udi na chetezo ni zawadi ya heshima, lakini mwenye pumu moshi humtesa. Huyo mpe asumini, au chupa ya mrashi. Asumini zinunuliwe jioni ya kuamkia Idi, zifungwe katika kitambaa kibichi, vinginevyo asubuhi ni kahawia. Na mjane aliye ndani ya eda, ile miezi minne na siku kumi, hajipambi wala hajitii manukato. Kumpelekea udi na kikuba, hata kama ndivyo ulivyofanya kila mwaka, ni kusahau alilo nalo. Kwake peleka chakula, kisha ukae. Idi ya kwanza baada ya msiba ndiyo nzito, maana mchana watu wanapita kila nyumba na ile yake hupitwa haraka, kwa hofu ya kumkumbusha. Hakuna anachokumbushwa, hajasahau. Ukijua marehemu alikuwa akipenda mkate wa mayai, upike umpelekee, na umtaje kwa jina.

Watoto ni rahisi, lakini wana hesabu kali. Mkono wa Idi ukiutoa, utoe sawa kwa walio rika moja, kwani wakitoka mlangoni watahesabu pamoja. Noti mpya zina furaha yake, kwa hivyo pita benki siku kadhaa mbele. Na pale sebuleni kwako, kama yuko mtoto wa jirani aliyekuja na wanao, au mtoto wa dada anayekusaidia kazi, naye ana mkono wake. Shilingi hamsini ikimpita mtoto mbele ya wenzake, ataikumbuka akiwa mtu mzima.

Huyo dada wa kazi ndiye ninayeona tunamkosea zaidi. Yeye ndiye aliyekuna nazi za mwezi mzima, akaosha sinia zilizokuwa zikirudi, na jina lake haliko katika karatasi ya mtu yeyote. Asipewe nguo iliyokubana. Mpe kitambaa kipya na pesa ya fundi, achague mshono. Kama kwao ni bara na sikukuu yake ni Krismasi, zawadi kubwa kuliko zote ni siku za kukaa na mamake, pamoja na nauli iliyolipwa mapema, kwa sababu Desemba mabasi hupandisha bei. Muulize pia mamake anapenda nini kutoka pwani. Nazi mbili, kilo ya mchele wa pilau na bizari uliyoisaga wewe, vyote katika kikapu, atafika nyumbani kama mtu aliyetoka kwa watu.

Kikapu nakitaja makusudi. Tangu tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, na hilo limetufaa. Zawadi iliyofungwa katika kikapu cha miyaa, au katika leso iliyofungwa fundo, ina matumizi baada ya kufunguliwa. Mapambo ya karatasi za kumetameta yanagharimu pesa ambayo ingenunua nusu kilo ya halua.

Halua yenyewe ndiyo msafiri mzuri kati ya vitamu vyetu. Sukari nyingi na samli huifanya ikae wiki nyingi bila friji, ndiyo maana haikosi katika masanduku ya wanaokwenda kwa jamaa Muscat na Dubai. Kwa walioko Uingereza kuwa mwangalifu: nyama na vitu vya maziwa vya abiria kutoka Kenya haviruhusiwi kuingia, kwa hivyo sambusa za nyama za mama zitaishia uwanja wa ndege, na kwa vile halua ina samli, ulizia kwanza. Funga bizari ya pilau, hiliki, ukwaju, mabuyu, kachiri, achari ya maembe iliyozibwa vizuri. Aliyeko London mwezi wa Desemba, jua likizama kabla ya saa kumi na moja jioni na baridi ikimngoja mlangoni, akikaanga vitunguu na bizari ya nyumbani kwao, jiko zima linageuka. Mwandikie kwa mkono vipimo vya mamako, hata kama ni vya kukisia: kiganja kimoja, vidole vitatu.

Na walioko nje wanaotuma huku, nao wana la kusikia. Makoti ya sufu hayavaliki Mombasa. Piga simu kwanza. Pengine kinachotakiwa ni deni la dukani lilipwe, au dawa za nyanya za miezi mitatu zinunuliwe pamoja. Ukituma kwa M-Pesa, mtumie pia ujumbe useme hii ni ya nini: "ya samaki wa Ijumaa wa nyanya." Pesa isiyo na jina hulipa umeme, kisha basi.

Kuhusu gharama niseme kwa ufupi, kwa kuwa wengi wanaumia kimya. Usikope ili upike. Mtaa hautakuhukumu kwa sahani tatu badala ya kumi. Chagua majina matatu ambayo mwaka huu yana haja ya kukumbukwa kuliko mengine, na hao wape kwa ukamilifu. Wengine wapelekee salamu, au maji ya ukwaju, au ndizi mbivu za nazi, ambazo hazina gharama na hakuna asiyezipenda. Na chakula ulichompelekea mtu usikipige picha ukakitangaza, kwani ukifanya hivyo umemtangaza na yeye.

Nimalizie na majirani zetu Wakristo, ambao ni wengi katika kisiwa hiki na wengine tunachangia nao ukuta. Hao wanatukumbuka Ramadhani, na mara nyingi wanataka kutupa kitu lakini wanaogopa kukosea. Kwao nasema: matunda hayana shaka. Desemba maembe yameiva, na kapu la ngowe au boribo halina swali la nani kachinja wala kimepikwa katika sufuria gani. Madafu, tende, unga na sukari pia. Nasi tunaowapelekea tusingoje Idi yetu peke yake. Asubuhi ya Krismasi, wakiwa wanajiandaa kwenda kanisani, mahamri ya moto na chupa ya chai vikifika mlangoni vinawaokolea saa nzima ya jikoni.

Miezi yetu husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kizungu, na hivyo sikukuu hizi mbili hukutana kila baada ya miaka thelathini na kitu. Mwaka 2000 Idi iliangukia siku chache tu baada ya Krismasi. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mapema Januari na tena takriban tarehe 26 Desemba. Jirani atakuwa na mabaki ya Krismasi mezani wakati wewe unatia nia ya kufunga. Zungumzeni mapema, mwezi wa Novemba hivi. Nyama ya sikukuu inunuliwe pamoja kutoka bucha moja ya Mwislamu, ili kila nyumba iweze kula ya mwenzake. Pilau ya Krismasi mkaile kwake mchana, na futari ya kwanza mumuite yeye na wanawe, na mumwambie aje na maembe.